Viti vya Darasa la Pili

Mtaani kwetu, ukitaka kuoza binti, kuzika mzee au kufungua duka, unaanzia kwa Mama Viti. Ana viti vya plastiki vya kujaza uwanja, ana maturubai, ana vitambaa vya satini vya rangi zote, ana lori kuukuu linalokohoa kama mgonjwa kabla ya kuwaka, na ana mdomo. Ukikodi viti vyake unapewa na ushauri wa bure: bibi harusi akae upande gani, mama mkwe asogezwe karibu na spika asije akajidai hakusikia hotuba, na yule shangazi mwenye maneno apewe kiti cha jirani na mlango, ili akianza atolewe bila vurugu. Kazi yake, mwenyewe husema, si viti. Kazi yake ni kuhakikisha watu hawaumbuki mbele ya wageni wao.

Kwa hiyo habari zilipofika kwamba kamati ya bajeti ya jiji inazunguka shule za msingi, kuona zipi ziingizwe kwenye fungu la mwaka huu la mapaa na madawati, na kwamba na ya kwetu imo kwenye ziara, watu hawakumngoja mwalimu mkuu afungue kinywa. Macho yote yalimwendea Mama Viti. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na mjukuu wake anasoma pale, darasa la pili.

Darasa la pili lenyewe ndilo lililokuwa balaa. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati, likabaki tundu ambalo ungeweza kuteremsha mbuzi asiguse kingo. Madawati yalishakufa zamani. Watoto walikaa sakafuni, kila mmoja na kipande chake cha boksi, na sakafu yenyewe imechimbika kama imetafunwa. Mjukuu alirudi nyumbani kila siku na vumbi nyuma ya sketi, na bibi yake alikuwa akimpangusa nje ya mlango, haraka haraka, kabla jirani hajachungulia. Mwenye viti vya mtaa mzima, mjukuu wake anakaa chini. Watu walilisema hilo, tena walilisema sana. Ila si mbele yake.

Kikao cha wazazi kilifanyika nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, ukutani, palipo na kivuli. Mwalimu mkuu ni mtu mpole, anayesalimia kama anaomba radhi. Alisimama akakunja karatasi yake mara mbili.

"Ndugu wazazi, mimi kwa maoni yangu, tuwaache waone hali ilivyo. Ndicho wanachokuja kuangalia."

"Waone nini, mwalimu?" Mama Viti hakungoja amalize. "Waone watoto wetu wamerundikwa chini kama mizigo ya stendi? Mgeni akipiga hodi kwako, wewe unamfungulia na taulo?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu naye akajaribu kucheka.

"Lakini mama, hawa si wageni wa harusi. Hawa ni—"

"Mgeni ni mgeni. Akikukuta umejikalia ovyo anasema hawa hata wakipewa hawatatunza. Akikukuta umejipanga anasema hawa wana bidii, waongezwe. Wewe una vitabu, mwalimu, sikatai. Watu niachie mimi."

"Sema, mama!" aliitikia Fundi Rangi, mdogo wa marehemu mume wake. "Na mimi kuta nitazipaka, bure kabisa. Ila rangi niliyobaki nayo, shemeji, inafika hapa." Akajigusa kifuani.

"Na juu je?"

"Juu tuombe waje wafupi."

Basi kikao kikaisha hivyo, kwa vicheko, kila mtu akijitolea chake. Huyu mapazia, yule maua ya plastiki, mwingine zulia la sebuleni. Na tukapata la kusema wiki nzima, kwa sababu tulisikia kwamba shule ya bondeni, ng'ambo ya mfereji, wao wameamua hata kufagia hawafagii zaidi ya kila siku. Waje tu waone.

"Watu wa bondeni hawana haya," Mama Viti alisema, akipiga pasi satini. "Wangetoka nao uchi kabisa, waone vizuri."

Siku ya ugeni ilifika na jua lake. Lori lilishusha viti alfajiri. Kila kiti kilivikwa gauni lake jeupe, lile la harusi, na fundo la utepe nyuma. Darasani, Mama Viti na wabebaji wake walitandaza satini ya zambarau kutoka ukuta hadi ukuta, wakaivuta na kuikunja kunja kama wanavyofanya ukumbini, likawa dari. Tundu likapotea. Tena afadhali kupotea: jua lililopenya pale liliiwasha satini ikang'aa katikati kama taa.

Watoto wa darasa la pili waliingizwa wakiwa wameogeshwa hadi masikio. Hawakukimbilia viti. Walisimama mlangoni. Wakavisogelea polepole, wakavigusa kwanza, kisha wakaketi na kutazama miguu yao inavyoning'inia. Mwalimu wao, msichana aliyetoka chuoni juzi juzi, anasema siku ile hakuna mtoto hata mmoja aliyeomba kwenda kukojoa.

"Bibi," mjukuu aliita, "hiki ni changu?"

"Kaa vizuri, mama. Vuta sketi."

"Lakini ni changu?"

Bibi alikuwa ameshageuka kunyoosha utepe wa kiti cha nyuma.

Wageni walikuja na diwani wetu mbele, yule anayejua mpiga picha amesimama wapi hata akiwa amefumba macho. Nyuma yake mwenyekiti wa kamati ya bajeti, mama mfupi, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Fundi Rangi alipomwona urefu wake akamtekenya shemeji yake kwa kiwiko. "Dua imejibiwa," akanong'ona.

Mwenyekiti alizunguka taratibu. Aliuliza machache. Alipofika darasa la pili akatazama juu kwa muda.

"Dari zuri," alisema.

"Ni jitihada za wazazi, mheshimiwa," Mama Viti akajibu, kichwa kimeinuka. Mwalimu mkuu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kisha mwenyekiti akaomba kwenda msalani, na hapo roho zikaturuka. Vyoo vya shule vilishaporomoka. Watoto hutumia kibanda cha magunia nyuma. Lakini Mama Viti ni Mama Viti. "Vyetu vimepigwa dawa leo, mheshimiwa, harufu yake utapaliwa. Karibu hapa jirani." Mwenyekiti akavushwa barabara hadi kwa Fundi Rangi, ambako mke wa fundi alikuwa ameshatundika taulo jipya na kuficha ndoo zote. Mwenyekiti alirudi akipangusa mikono. Akashukuru. Wakapanda magari yao wakaondoka, na sisi tukapongezana pale uwanjani kama tumeshinda kombe.

Lori lilikuwa linangoja. Viti vilikuwa na harusi mchana.

Mwalimu aliwaambia watoto wasimame, wakasimama. Wabebaji wakaanza kuvipandanisha viti, gauni juu ya gauni. Walipofika kwa mjukuu wa Mama Viti, hakusimama. Alikuwa amekishika kiti kwa mikono miwili, pembeni pembeni mwa makalio yake, vidole vimekakamaa.

"Mjukuu wangu, inuka. Watu wanangoja."

"Umesema nikae."

"Nilisema ukae wageni wakiwepo. Inuka, nitakununulia pipi."

"Sitaki pipi."

Mbebaji, mwanamume wa miraba minne anayebeba majenereta peke yake, akageuka kutazama dirishani. Ikabidi Mama Viti apige magoti, avibandue vile vidole kimoja kimoja. Mtoto hakulia, na afadhali angelia. Kiti kilipoondoka alisimama pale pale kilipokuwa, mpaka mwalimu aliposema, "Haya, watoto, tukae." Wakaketi chini wote, kila mtu mahali pake pa zamani, bila kusukumana. Satini ikashushwa, na lile jua likawaangukia vichwani.

Mama Viti alipita katikati yetu pale uwanjani bila neno. Mama Viti, bila neno! Tukadhani amechoka.

Kesho yake magauni yalivuliwa yafuliwe, na ndipo alipoviona. Nyuma ya viti, kwenye plastiki yenyewe, chini ya kitambaa, kulikuwa na maandishi ya kalamu. CHANGU. Kingine, CHANGU. Kingine tena. Watoto walikuwa wamefunua magauni kwa siri wakaandika, herufi zimelala huku na huku, wengine wakaongeza nyota, mwingine kachora ua lenye macho. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa majivu, akasugua kwa mafuta ya taa mpaka binti wa kazi akamwambia, "Mama, utatoboa plastiki." Wino uligoma. Akavivika magauni vikiwa bado vimelowa, akavipandanisha nyuma kabisa ya stoo, mbele yake akaweka majenereta.

Hakuwa amemaliza kunawa mikono, diwani akaingia uani akicheka.

"Mama, mmewamaliza! Mmewamaliza kabisa!"

"Tumepata?"

"Zaidi ya kupata. Nyinyi sasa ni shule ya mfano. Utaitwa mbele kwenye kikao cha wananchi cha bajeti, upewe cheti, upigiwe makofi. Na viti vya kikao jiji linakodi kwako. Ukiniangalia vizuri, mama, na vikao vingine vyote vitakuja huku."

"Nauliza bati, diwani. Na madawati."

Diwani akaanza kupapasa mifuko kutafuta funguo. "Sasa, mama, unajua fungu lenyewe dogo. Linakwenda kwa wenye hali mbaya. Nyinyi mnajitosheleza, kamati imejionea. Limekwenda bondeni."

"Bondeni?"

"Mwenyekiti alitoka mle anafuta macho. Hali ya kutisha."

"Diwani, wewe lile darasa letu unalijua."

"Mimi najua nilichoonyeshwa," alisema. Funguo zilikuwa mkononi mwake muda wote. "Lina dari la satini."

Habari ilizunguka mtaa kabla diwani hajatoka nje ya geti. Na sisi, Mungu atusamehe, tukageuka. Wale wale wa "sema, mama" wakaanza kuulizana ni nani hasa alitoa wazo lile la kipuuzi. Mwenye zulia akasema yeye lilichukuliwa tu. Fundi Rangi, shemeji wa damu, akasema barazani, "Mimi nilitamka mapema rangi inafika hapa. Nani alinisikiliza?" Mwalimu mkuu peke yake hakusema kitu. Alikutana na Mama Viti dukani, akamwambia, "Pole, mama," kwa sauti ile yake ya kuomba radhi. Mama Viti alituambia baadaye kwamba angetukanwa matusi ya nguoni yangemwasha kidogo kuliko ile pole.

Kikao cha wananchi kilikuwa kwenye uwanja wa jengo la jiji, chini ya maturubai ya Mama Viti, juu ya viti vya Mama Viti. Alikuja amevaa vizuri, kwa mazoea tu. Alikuwa ameshaamua: atapokea karatasi yake, atasema asante, atarudi nyumbani, na mwaka ujao ataomba upya. Nani angemlaumu? Kwa hela ya kazi za jiji angelilipia lile bati mwenyewe, polepole. Hivyo ndivyo alivyojiambia njia nzima.

Akaketi, na kumbe jirani yake ni mama mmoja wa bondeni. Mwembamba, mtandio wake umefuliwa mpaka umepauka. Alimtambua Mama Viti, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mama, hongera. Jamani, tulisikia mlivyojipanga. Sisi tuliwaonea wivu."

"Wivu wa nini tena, ndugu yangu."

"Acha tu. Siku wanakuja kwetu, wengine tulijifungia ndani. Baba watoto alikataa kabisa kwenda, alisema atawekaje uso wake mbele za watu. Mimi nilisimama pale mlangoni mwa darasa natamani ardhi ipasuke. Lakini tukasema, basi, tutavumilia watuone hivyo hivyo. Kwa ajili ya watoto."

Mama Viti akaiangalia ile mikono iliyomshika. Alikumbuka pasi, na satini, na maneno aliyoyasema juu ya watu wa bondeni, na jinsi tulivyocheka.

Watu waliendelea kuingia. Viti havikutosha, na wabebaji wakarudishwa stoo mbio. Walileta vilivyobaki, vile vya nyuma ya majenereta, wakavipanga mbele, upande wa meza ya wakubwa, maana huko ndiko kulikuwa bado wazi. Mama Viti aliviona. Viti vyake anavijua kama mtu anavyojua wanawe kwa mgongo. Mafundo ya utepe yalikuwa yake, aliyoyafunga kwa hasira. Mwenyekiti wa kamati akavuta kimoja, akaketi.

Makadirio yalisomwa: barabara, taka, taa, shule. Kisha diwani wetu akachukua maiki, akapamba, akaremba, akamwita mbele mlezi wa shule ya mfano. Makofi. Tulipiga na sisi, tukiangalia chini.

Mama Viti akaenda. Cheti alichonyooshewa hakukishika.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "naomba unisamehe. Inuka kidogo."

Mwenyekiti akainuka, akidhani ni kwa ajili ya picha. Mama Viti akafungua lile fundo, akalivua lile gauni, akakigeuza kiti mgongo uelekee kwa watu. CHANGU. Na pembeni yake ua lenye macho.

"Haya yameandikwa na watoto wa darasa la pili," alisema. Sauti haikuwa ile yake tunayoijua. "Walikaa juu ya viti hivi asubuhi moja. Mchana nikavichukua nikavipeleka harusini. Nimembandua mjukuu wangu vidole kwa mkono wangu huu. Lile dari mliloliona ni kitambaa changu cha ukumbini. Juu yake hamna bati, kuna mbingu. Rangi imeishia kifuani."

"Na choo?" mtu mmoja akadakia huko nyuma.

"Choo ni cha shemeji yangu."

Kicheko kikaanza, kikafa chenyewe.

"Mlikuja kuona shule, mimi nikawaonyesha duka langu. Mwalimu mkuu alinikataza, nikamfunga mdomo mbele za watu. Fungu la bondeni silitaki, msiliguse. Wao waliona haya wakavumilia. Mimi niliona haya nikaifunika, na waliolipa ni watoto." Akafuta uso kwa lile gauni la kiti alilokuwa bado amelishika. "Hilo tu. Cheti mpeni mwingine."

Diwani aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Mwenyekiti alibaki amesimama kando ya kile kiti kilicho uchi. Akavua miwani ikaning'inia. "Lile taulo lilikuwa bado na lebo ya dukani," alisema, chini chini, kama anajisemea. "Niliona. Na ile rangi niliona. Nikaona fungu lenyewe halitoshi, nikajiambia si lazima niulize." Hakujua maiki iko wazi. Maneno yalitoka kwenye spika zote, yakatufikia mpaka sisi wa mwisho. Alipogundua, hakuikimbilia kuizima. Alikivuta kiti, akakaa juu yake vile vile kilivyo, bila kukivika gauni, mpaka kikao kikaisha.

Tusidanganyane, mambo hayakugeuka siku ile. Baada ya kuvutana sana watu wa kamati walipata bati la darasa la pili, kwa kubana huku na kule. Madawati wakasema mwaka ujao, na mwaka ujao tunaujua. Mwalimu mkuu aliitwa idara ya elimu akahojiwa kwa nini aliruhusu maigizo shuleni kwake. Alirudi akamsalimia Mama Viti kama kawaida, na Mama Viti akashindwa kumtazama. Mke wa Fundi Rangi alimnunia: "Taulo langu limetangazwa jiji zima!" Jiji halikukodi tena hata kiti kimoja.

Bati lilipokwisha kupigiliwa, Mama Viti alivipakia vile viti vyenye maandishi na kuvipeleka shuleni. Hakuvivika chochote. Alivishusha mwenyewe, akavipanga, akasimama mlangoni. Watoto waliingia kwa fujo safari hii, kila mtu anageuza migongo ya viti akitafuta chake, wanagombana, wanavutana. Mjukuu wake alikipata cha ua lenye macho. Akaketi. Mwalimu akaanza kufuta ubao.

Huko nje dereva, akidhani kazi imekwisha, akawasha lori. Likakohoa, likakohoa tena.

Na watoto wote, bila mmoja kumtazama mwenziwe, wakashika pembe za viti vyao kwa mikono miwili.

Mama Viti akatoka akamwambia dereva azime. Alirudi nyumbani kwa miguu. Na hadi leo, lile lori likienda harusini upande ule, haliipiti shule, linazunguka.